Barua ya wazi: Fungueni kabati la matokeo yaliyofeli

Kwa:
Makamu wa Mkuu wa Chuo,
Wajumbe wa Baraza la Chuo,
Mkuu wa Kitivo cha Uhandisi,
Mkuu wa Maabara ya Vifaa vya Ujenzi.

Nakala: Wakuu wa mamlaka zinazosimamia ujenzi nchini Uganda.

YAH: KUFICHWA KWA MATOKEO YA VIPIMO VYA VIFAA NA MIUNDO ILIYOSHINDWA KUBEBA MZIGO

Waheshimiwa, walimu wangu,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mhitimu wa shahada ya uzamili katika uhandisi wa miundo, na maabara yenu ndiyo iliyonilea. Wengi wenu ndio mlionifundisha kusoma mchoro, kuchanganya zege, na kusubiri siku 28 kabla ya kusema lolote kuhusu nguvu yake. Siandiki kama adui. Naandika hadharani kwa sababu njia ya faragha imenifikisha ukutani. Nimeiandikia idara, nimepanda ngazi hadi kwa mkuu wa kitivo, nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi nikiambiwa faili liko mezani. Jibu pekee nililopewa lilikuwa la mdomo: data za maabara ni mali ya mteja, na kuzungumzia vitu vilivyofeli kutaharibu jina la chuo.

Jina la chuo silitaji. Mnajijua, na sitaki mjadala huu ugeuke mashindano ya chuo gani kibaya kuliko kingine wakati tatizo liko pia kwenye maabara nyingine.

Ninachodai ni kwamba kila kinachovunjika chini ya mashine zenu kiandikwe jinsi kilivyovunjika, kihifadhiwe, na kitolewe kwa watu wanaojenga nchi hii na kulala ndani ya majengo yake. Hoja zangu ni hizi.

1. Matokeo ya chini yanafutwa na kuitwa makosa ya upimaji.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, nitakaa nalo.

Zege linaletwa kutoka saiti likiwa limemiminwa katika michemraba ya milimita 150 kila upande. Michemraba hiyo inalazwa majini, kisha siku ya 7 au ya 28 inawekwa kwenye mashine ya kubana. Kama zege linatakiwa kufikia niutoni 25 kwa milimita ya mraba, mchemraba mmoja unapaswa kuhimili kiloniutoni 560 na ushei, yaani uzito wa tani 57 hivi, kabla haujapasuka. Sasa ikiletwa michemraba mitatu, mmoja ukafika 27, mwingine 26, wa tatu ukakwama kwenye 17, kinafanyika nini?

Nimekiona kwa macho yangu. Fundi wa maabara anainama na kuokota vipande. Ndani kuna tundu linaloingia kidole gumba, ambako zege halikushindiliwa. Kokoto zimevaa vumbi la udongo mwekundu, saruji haikuzishika, ukizigusa zinabanduka. Anasema, "Sampuli mbovu," anafagia, anachukua mchemraba wa akiba. Kwenye ripoti inayosainiwa na kupigwa muhuri ile 17 haipo. Yapo 27, 26 na 25.

Simlaumu fundi yule. Anafanya alivyoelekezwa, na mkandarasi amesimama mlangoni akingoja karatasi yake. Lakini kokoto zile zenye udongo zilitoka kwenye lori lilelile lililomwaga mzigo saiti, na kwa vyovyote nyingine ziko ndani ya nguzo sasa hivi. Mchemraba ule ulikuwa ndio shahidi pekee aliyetuambia, na tumemfagia na vifusi.

Ninyi wenyewe mlitufundisha kwamba kitu hakivunjiki kwa kufuata wastani wake. Mlitusomesha kazi ya mhandisi Griffith wa Uingereza ya mwaka 1921, iliyoonyesha kwamba kioo hupasuka kwa mzigo mdogo mno kuliko hesabu za nadharia zinavyotabiri, kwa sababu ya nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho; ufa ukipita urefu fulani, hauhitaji tena kusukumwa, unajiendesha wenyewe. Mlitusomesha Weibull wa Uswidi, ambaye mwaka 1939 alijenga takwimu nzima za kuvunjika juu ya wazo kwamba mnyororo hukatika kwenye pete yake dhaifu. Mlitueleza kwa nini wahandisi hawasanifu nguzo kwa wastani wa nguvu ya zege bali kwa nguvu bainifu, ile ambayo vipimo vinavyotarajiwa kuwa chini yake havizidi asilimia 5.

Nguvu hiyo bainifu inatokana na mtawanyiko. Unachukua wastani, unatoa mara 1.64 ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kuzunguka wastani. Chukua zege lenye wastani wa 30. Mkengeuko ukiwa 4, nguvu bainifu inakuwa 23.4. Mkengeuko ukiwa 6, inashuka hadi 20.2. Wastani ni uleule, lakini jengo la kwanza na la pili si sawa hata kidogo. Anayefuta vipimo vya chini anapunguza mkengeuko kwenye karatasi tu. Ndani ya nguzo umebaki vilevile.

Wanafunzi nao wanafundishwa tabia hiyohiyo. Anayeleta mchoro wenye nukta zilizotawanyika anaulizwa amekosea wapi. Anayeleta nukta zilizojipanga kwenye mstari anapongezwa na kuambiwa aandae makala. Baada ya miaka michache ndiye anayesaini ripoti za saiti.

2. Mashine yenyewe haijahakikiwa, na fomu haina nafasi ya kuandika umbo la mvunjiko.

Karatasi ya uhakiki iliyobandikwa kwenye mashine kubwa ya kubana imepitwa na wakati. Kila anayepita anaiona. Mashine ikisoma juu kwa asilimia 10 tu, zege linaloandikwa 25 kwa kweli ni 22.7, na hakuna anayejua kama inasoma juu au chini.

Kuna pia kasi ya kubana. Kiwango cha Ulaya cha kupima zege, EN 12390, kinataka mzigo upande kwa niutoni 0.6 kwa milimita ya mraba kila sekunde, kuzidi au kupungua 0.2. Si urasimu: zege likibanwa haraka linaonekana lina nguvu kuliko ilivyo. Foleni ya wateja ikiwa ndefu, valvu inafunguliwa zaidi ili kazi iishe.

Halafu umbo. Mchemraba uliobanwa sawasawa unaacha piramidi mbili zilizogusana vichwa. Uliokaa upande, au uliobanwa na bamba lililoinama, unapasuka upande mmoja, na matokeo yake hayafai kuaminiwa. Kwa hiyo umbo la kilichovunjika ndilo linalokuambia kama namba uliyopata ni ya kweli. Fomu ya zamani ya maabara ilikuwa na nafasi ya kuchora umbo hilo. Fomu ya sasa ina nafasi ya namba ya risiti.

3. Utafiti wa mirunda ya mikaratusi umefungiwa maktaba.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndiyo kazi yangu mwenyewe.

Mtu yeyote aliyepita karibu na jengo la ghorofa linalojengwa Kampala, Jinja, Mbale au Arua ameuona msitu wa mirunda, yaani miti ya mikaratusi iliyosimamishwa chini ya slabu, sakafu ya zege ya ghorofa. Miti hiyo ndiyo inayobeba kila kitu hadi zege lishike. Slabu yenye unene wa milimita 150 ina uzito wa kilo 360 kwa kila mita ya mraba zege likiwa bichi, kabla hujahesabu mbao, nondo, watu, matoroli na lundo la zege ambalo kijana amelimwaga mahali pamoja kwa sababu amechoka kulisambaza.

Mwanahisabati Euler alionyesha mwaka 1744 jinsi nguzo nyembamba inavyoshindwa. Haisagiki, inapinda. Uwezo wake unapungua kwa mraba wa urefu: ukiuongeza urefu maradufu, uwezo unabaki robo. Kwa mti wa mviringo, uwezo unafuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Mti wa milimita 60 ukiwekwa mahali pa mti wa milimita 80, kwa macho tofauti ni kama upana wa vidole viwili vyembamba, lakini unabeba chini ya theluthi moja. Na habari njema imo ndani ya hesabu hiyohiyo: ukiufunga mti mwembamba katikati kwa mbao za kukingama pande zote mbili, urefu unaopinda unakuwa nusu, na uwezo unapanda karibu mara nne. Ni mbao chache na misumari. Hakuna fundi asiyeweza kuifanya, wala mwenye jengo asiyeweza kuilipia.

Sisi tulivunja miti kama ile inayouzwa barabarani. Tulivunja iliyo mizima, iliyofungwa katikati, na ile inayotumika mafundi wakikosa urefu, vipande viwili vilivyounganishwa kwa ubao na misumari. Iliyo mizima ilipinda polepole, mtu angeweza kuona na kukimbia. Ile ya kuunganisha haikutoa onyo. Misumari iling'oka, kipande cha juu kikaruka pembeni, na mzigo ukaanguka kabla aliyekuwa anasoma kipimo hajafungua kinywa. Tofauti hiyo ya namna ya kushindwa ni muhimu kuliko namba zote tulizopata, kwa sababu ndiyo inayoamua kama mafundi walio chini ya slabu watatoka.

Tasnifu ile iko kwenye rafu isiyoazimwa. Ukitaka kuisoma unaomba kibali, na kibali kinatoka kwa ofisi ileile iliyoniambia kuzungumzia mambo yaliyofeli kunaharibu jina. Niliomba nitoe karatasi moja yenye michoro kwa ajili ya mafundi, nikaambiwa kwanza makala itoke kwenye jarida la kimataifa. Jarida hilo fundi wa Bugembe, hapa karibu na Jinja, hatalisoma maisha yake yote. Na si yangu tu. Pembeni yake kuna tasnifu za wenzangu kuhusu matofali ya kuchoma, jinsi yale ya katikati ya tanuru yanavyotofautiana na ya pembezoni, na jinsi tofali lililolowa linavyopoteza nguvu. Watu wa Toro, magharibi mwa nchi, waliotikiswa na matetemeko ya mwaka 1966 na 1994, wana haki ya kujua tofali lao linashindwa kwa namna gani.

4. Vipimo vya nondo.

Nondo ya milimita 12 inapaswa kuwa na uzito wa gramu 888 kwa mita. Ile ndefu ya mita 12 ina kilo 10.7 hivi. Ikiwa kipenyo halisi ni 11, mnunuzi anadhani amepunjwa kidogo. Eneo linafuata mraba wa kipenyo, kwa hiyo amepoteza asilimia 16 ya chuma. Ikiwa ni 10.5, amepoteza asilimia 23. Na kwa kuwa nondo zina miinuko juu ya uso wake, mizani husema kweli kuliko rula: kata mita moja, pima, linganisha na 888. Jambo hili lingebandikwa kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi kama chuo kingetaka.

Maabara imepima nondo za wateja kwa miaka mingi, imezipima uzito na kuzivuta hadi zikakatika. Siombi majina ya viwanda. Naomba mtawanyiko: kati ya nondo zilizoletwa zikiitwa 12, ngapi zilikuwa 12?

5. Daftari za zamani zinaharibika.

Kuna kushindwa kunakochukua sekunde, na kuna kunakochukua miaka 40. Nalubaale, bwawa letu la umeme lililofunguliwa Jinja mwaka 1954, linajulikana kwa wahandisi kwa tatizo la zege linalovimba: alkali iliyomo kwenye saruji hukutana na madini ya silika yaliyomo katika aina fulani za kokoto, na mbele ya maji huzaa ute unaotanuka na kupasua zege kutoka ndani. Hakuna kipimo cha siku 28 kinachoweza kuonyesha hilo. Mchemraba utafaulu vizuri kabisa. Utakachohitaji ni kumbukumbu: kokoto zilitoka machimbo gani, saruji ipi, mwaka gani, na zege lile lina hali gani leo.

Kumbukumbu hizo tulikuwa nazo, kwa mkono, kwenye daftari ngumu za maabara. Ofisi ilipohamishwa, maboksi yaliachwa kwenye korido inayovuja. Nilipouliza, niliambiwa hazina kazi kwa kuwa wateja wake walishalipa.

6. Majengo yanaanguka, vifusi vinazolewa, na darasani hatuoni chochote.

Mwaka 2004 jengo la hoteli lililokuwa likijengwa Bwebajja, barabara ya Entebbe, liliporomoka na kuua watu. Mwaka 2008, Lumumba Avenue mjini Kampala, ukingo wa udongo wa shimo la msingi uliwafukia wafanyakazi. Yamefuata mengine. Majirani zetu wana yao: Huruma mjini Nairobi Aprili 2016, Kariakoo mjini Dar es Salaam Novemba 2024.

Katika darasa lenu nilijifunza kuanguka kwa madaraja ya ndani ya hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, mwaka 1981, watu 114 wakafa. Nilijifunza kwa mchoro na kwa hesabu: fimbo moja ndefu ya kuning'iniza ilibadilishwa ikawa fimbo mbili, na badiliko hilo dogo likaongeza maradufu mzigo kwenye kiungio cha juu. Nilijifunza Ronan Point, London, mwaka 1968, jinsi mlipuko wa gesi ghorofa ya 18 ulivyoangusha kona nzima ya jengo la ghorofa 22, na jinsi uchunguzi wa wazi ulivyobadilisha kanuni za ujenzi za Uingereza. Nilijifunza ndege za abiria za Comet zilizoanguka mwaka 1954, mabaki yakaopolewa baharini karibu na kisiwa cha Elba, mwili wa ndege nyingine ukazamishwa kwenye tangi la maji na kujazwa shinikizo tena na tena hadi aloi yake ya aluminiamu ikachoka na kupasuka.

Bwebajja sikuwahi kuonyeshwa hata mchoro mmoja. Sikujua nguzo zake zilikuwa na ukubwa gani, ringi za nondo zinazozunguka nguzo zilifungwa kwa nafasi gani, zege lilikuwa na nguvu kiasi gani. Nilihitimu nikiweza kueleza jinsi watu walivyokufa Kansas City, bila kuweza kueleza jinsi walivyokufa safari fupi ya teksi kutoka Kampala.

Sisemi hakuna aliyechunguza. Nasema uchunguzi usioingia darasani haumlindi mtu yeyote wa kesho. Jengo likianguka, chuo chenye maabara kingekuwa pale na kamera na vifaa vya kukata sampuli kabla tingatinga halijaanza kazi. Maabara yetu haina hata utaratibu ulioandikwa wa nani aende.

7. Usalama wa mafundi wa maabara.

Mlango wa kinga wa mashine ya kubana uliondolewa ulipovunjika bawaba na haujarudishwa. Vipande vya zege vinaruka hadi usawa wa macho. Hili lisingojee kikao chochote.

Waheshimiwa, najua majibu mtakayopewa na wasaidizi wenu, kwa sababu nimeshapewa mimi. Naomba niyajibu.

Mtaambiwa kuna usiri wa mteja. Naukubali usiri wa jina. Lakini Uingereza, tangu mwaka 2005, wahandisi wana mfumo uitwao CROSS ambako mtu anaripoti hitilafu kwa siri, majina yanaondolewa, na funzo linatangazwa kwa wote. Jina la mteja na nguvu ya zege lake ni vitu viwili vinavyotenganishika kwa kufuta safu moja kwenye jedwali. Tena sisi tuna sheria yetu. Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005 imeweka siku 21 za kujibu ombi. Sheria hiyo inalinda siri za biashara, na inasema pia kwamba hatari kubwa kwa usalama wa umma inaweza kuzidi ulinzi huo. Mchemraba wa 17 ndani ya nguzo ya ghorofa ya chini sijui utaitwaje kama si hatari kwa usalama wa umma.

Mtaambiwa umma utaogopa. Watu wa nchi hii wanafukua wenzao kwa mikono kwenye vifusi. Hofu wanayo tayari. Wanachokosa ni namba za kuwaambia waogope kitu gani na wasiogope kipi. Fundi aliyeelezwa kuhusu mti ulioungwa kwa misumari hatakimbia saiti. Atadai mti mzima.

Mtaambiwa data za wateja hazikukusanywa kisayansi, kwa hiyo hazifai kuchapishwa. Ni kweli kwamba zina kasoro: michemraba mingine ilimwagwa vibaya, mingine haikulowekwa inavyotakiwa. Basi ziandikwe pamoja na kasoro zake, na mtafiti aamue. Hiyo ndiyo kazi ya mtafiti. Kuzificha hakuzifanyi ziwe bora.

Mtaambiwa chuo si polisi wa ujenzi, kwamba Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 imeshaweka chombo cha kazi hiyo. Sawa kabisa. Chombo hicho kitasimamia kwa kutumia nini, kama maabara zinazokipelekea karatasi zimeshachuja yale mabaya? Msimamizi anaona 27, 26 na 25, anapitisha.

Na mtaambiwa hakuna pesa. Hili nalichukulia kwa uzito kuliko mengine, maana najua mishahara inavyochelewa. Lakini kila mchemraba unaoingia maabara unalipiwa. Fedha hizo zinakwenda kwenye mfuko wa jumla na hazirudi kuhakiki mashine iliyozizalisha. Sehemu ndogo ya ada hizo, ikitengwa kwa maandishi, ingetosha kwa uhakiki wa kila mwaka na mlango mpya wa kinga. Kuacha kufuta matokeo, kwa upande wake, hakugharimu kitu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba nijibiwe kwa maandishi.

Kuanzia muhula ujao, kila kipimo kilichofanyika kiandikwe kwenye daftari moja lenye kurasa zenye namba, kilichofaulu na kilichofeli, na ripoti ya mteja ionyeshe vyote. Kama kipimo kinakataliwa, sababu iandikwe pamoja na picha ya vipande, na isainiwe na mtu asiye fundi aliyepima. Nafasi ya umbo la mvunjiko irudi kwenye fomu.

Mashine ya kubana isitishwe kutoa ripoti za saiti hadi ihakikiwe. Natambua wateja watanung'unika. Wapelekwe kwingine kwa muda.

Tasnifu zote za uzamili na uzamivu zinazohusu kuvunjika kwa zege, matofali, mbao na nondo zifunguliwe, zisomwe bila kibali, na ziwekwe mtandaoni. Kila moja iambatane na ukurasa mmoja wa lugha ya kawaida, kwa Kiswahili, Kiganda, Kisoga na lugha nyingine za eneo, wenye michoro ambayo fundi anaweza kuibandika saiti. Ukurasa wa mirunda niko tayari kuuandika mimi, bila malipo.

Vipimo vya nondo na zege vya miaka iliyopita vitolewe bila majina, vikiwa na mwaka, aina na wilaya. Daftari zilizoko koridoni zitolewe kwenye maji wiki hii, zipigwe picha, halafu ndipo mjadili zina thamani gani.

Mwisho, chuo kiingie makubaliano ya maandishi na mamlaka za ujenzi ili jengo linapoanguka, timu ya maabara ifike baada ya waokoaji kumaliza na kabla ya vifusi kuzolewa, ichukue sampuli za zege na nondo, na taarifa yake ya kiufundi itangazwe. Masuala ya nani ashtakiwe yabaki kwa polisi na mahakama. Sisi tuache kwenye maandishi nini kilivunjika, wapi kilianzia, na chini ya mzigo gani.

Wiki hii nawasilisha kwa afisa habari wa chuo ombi rasmi chini ya sheria ya mwaka 2005 kuhusu vipimo vya nondo na michemraba, na nitatangaza jibu nitakalopewa, liwe la kukubali au la kukataa. Baraza likipenda kunisikiliza kabla ya hapo, nitakuja siku yoyote mtakayopanga, na nitakuja na vipande vya miti tuliyoivunja ili wajumbe waone misumari ilivyong'oka.

Wenu mtiifu,

Mhitimu na mtafiti wa uhandisi wa miundo,
Jinja, Uganda.